Ghorofa Ambayo Lifti Haikuifikia

Lifti ya Hoteli Viru, katikati ya jiji la Tallinn, inaishia ghorofa ya 22. Kwa karibu miaka 20, mgeni aliyebonyeza kitufe cha mwisho aliamini amefika juu kabisa. Sisi tuliposhuka hapo, mtembezaji wetu alitupeleka kwenye ngazi, tukapanda kwa miguu mmoja nyuma ya mwenzake, mpaka kwenye mlango uliokuwa na maandishi ya Kirusi na Kiestonia. Akatutafsiria: "Hapa hakuna kitu."

Kisha akaufungua.

Ndani kuna chumba kidogo, hakizidi duka la rejareja la mtaani kwetu. Kuna mitambo ya redio iliyong'olewa matumbo, nyaya zinaning'inia ovyo. Kuna simu isiyo na namba za kuzungusha, kwa kuwa aliyeinyanyua alikuwa na mtu mmoja tu wa kuzungumza naye. Karatasi zimekunjwakunjwa. Kisahani cha majivu kimejaa vipisi vya sigara hadi vingine vinataka kudondoka. Maofisa wa KGB, shirika la ujasusi la Umoja wa Kisovieti, waliondoka humu mwaka 1991 dola yao ikisambaratika. Walivunja walichoweza kuvunja, kilichobaki wakakiacha. Mwaka 2011 mahali hapa palifunguliwa kuwa makumbusho, na nawashukuru waliopatayarisha kwa kutopapamba.

Nilikitazama kile kisahani muda mrefu kuliko mitambo yenyewe. Mitambo ni mali ya dola, lakini vile vipisi ni vya mtu. Kuna mtu alikaa kwenye kiti hiki usiku kucha, akamaliza pakiti ya sigara, na kazi yake ilikuwa maneno ya watu wengine. Kiswahili kinatofautisha vizuri mambo haya. Kuna kusikia, kuna kusikiliza, na kuna kudukiza, yaani kutega sikio mahali ambapo hukukaribishwa. Chumba hiki kilijengwa kwa ajili ya hilo la tatu.

Hoteli ilifunguliwa mwaka 1972, nayo ilijengwa na Wafini. Hapo ndipo kisa chenyewe kilipo. Kutoka Tallinn hadi Helsinki ni kilomita 80 za maji, na tangu 1965 meli ya abiria ilikuwa ikileta watalii wa Kifini. Moscow ilizitaka fedha zao za kigeni, lakini iliyaogopa maneno yao. Wapo waliokuja ambao hawakuwa watalii wa kawaida. Mwaka 1944 makumi ya maelfu ya Waestonia waliikimbia nchi, wengi kwa mashua ndogo kuelekea Sweden, wengine Ujerumani. Sasa watoto na ndugu zao walikuwa wanarudi na pasipoti za kigeni, wanalala hoteli moja iliyoruhusiwa, na jioni wanatembelewa na shangazi ambaye hawajamwona kwa miaka 30. Mtu akimwona shangazi yake baada ya miaka 30 atasema mengi. Dola ilitaka kuyajua hayo mengi.

Basi vyumba vipatavyo 60 viliwekewa vinasa sauti ukutani, na mgeni wa kutiliwa shaka alipangiwa kimojawapo. Kwenye mgahawa kulikuwa na visahani vya mkate vyenye kitako maradufu, kinasa sauti kikiwa kimefichwa katikati. Tulionyeshwa kimoja. Ukikishika hukitofautishi na kisahani kingine chochote, labda uzito kidogo. Kila ghorofa ilikuwa na mama aliyekaa karibu na lifti akiandika nani ametoka, nani ameingia, saa ngapi. Wafanyakazi nao walipimwa: kulikuwa na pochi iliyoachwa kana kwamba mgeni ameiangusha, nayo ilitegwa ilipuke ikifunguliwa, ili mwenye mkono mrefu ajulikane. Wenyeji walikuwa na utani kwamba hoteli yao imejengwa kwa zege la aina yake, nusu saruji, nusu vinasa sauti.

Mtembezaji wetu, mama wa miaka sitini na ushei, alicheka alipotusimulia utani huo, kisha akanyamaza. Akasema nyumbani kwao, mama yake alipotaka kuzungumza jambo la maana na baba, kwanza alifungua bomba la maji jikoni. Hakuna aliyejua kama nyumba yao ilikuwa na chochote ukutani. Huenda haikuwa nacho. "Lakini mpaka leo," alisema, "nikisikia bomba linamwaga maji mfululizo, nafikiri kuna habari mbaya."

Nilifika Tallinn kwa sababu ya mjomba wangu. Nilikuwa Helsinki kwa shughuli nyingine, nikabakiwa na siku mbili, nikapanda meli. Mjomba alisomea uhandisi Moscow miaka ya 1970, katika Chuo Kikuu cha Urafiki wa Watu, kile kilichoanzishwa 1960 na mwaka uliofuata kikapewa jina la Patrice Lumumba. Alirudi na shahada, koti zito ambalo hakulivaa tena maishani, na Kirusi ambacho huzungumza akikutana na wazee wenzake. Tulikua tukisikia hadithi za metro yenye taa kama ikulu, za theluji inayofika magotini, za profesa mmoja mama aliyewapikia wanafunzi wa Kiafrika supu ya kabichi walipougua. Kule nyumbani kulikuwa na vitabu vya Kiswahili vilivyopigwa chapa Moscow, karatasi nzuri, bei ya kutupa. Redio Moscow ilitangaza kwa Kiswahili. Na silaha za wapigania uhuru wa Msumbiji, waliokuwa na kambi zao kwetu Tanzania, nyingi zilitoka huko huko.

Kwa hiyo sikuja na chuki. Hata sasa sina. Kijana wa mkulima kutoka Morogoro alisomeshwa bure mpaka akawa mhandisi, akajenga madaraja ambayo watu wanayapita hadi leo. Hilo ni jema, na mimi sitalifuta.

Lakini wahenga wetu walishasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sisi tulikuwa marafiki wa mbali wa dola ile. Tuliletewa zawadi, tukaandikiwa barua, tukapokewa kwa maua uwanja wa ndege. Waestonia walilala nayo kitanda kimoja kwa karibu nusu karne. Niliona ni haki niwaulize wao habari za kunguni.

Majibu mengi yako umbali wa dakika kumi na tano kwa miguu kutoka hotelini, ndani ya mji mkongwe, kwenye mtaa unaoitwa Pagari, yaani mtaa wa mwokaji mikate. Jengo namba moja lilijengwa mwaka 1912 kwa ajili ya makazi. Mwaka 1940, Jeshi Jekundu la Wasovieti lilipoiteka nchi, idara ya usalama ililichukua, na sehemu yake ya chini ya ardhi ikafanywa mahabusu. Madirisha ya chini yalizibwa kwa matofali ili anayepita barabarani asisikie kinachoendelea ndani. Hata leo ukisimama nje unayaona yale matofali. Ghorofa za juu sasa zimerudi kuwa nyumba za watu. Kuna mapazia, na siku ile dirisha moja lilikuwa na chungu cha maua.

Tukateremka. Seli ni chache na dari ni fupi. Kimoja cha vyumba vya adhabu ni kama kabati la nguo: mtu anaweza kusimama, kulala hawezi. Niliingia, mlango ukasukumwa nusu tu, nikatoka haraka. Sikuwa na la kuandika pale, daftari lilibaki mfukoni.

Ukitoka, mbele yako unaliona kanisa la Oleviste na mnara wake wa karibu mita 124. Juu ya mnara ule KGB waliweka mitambo yao ya redio. Waumini walisali chini, wapelelezi walifanya kazi juu. Nilipotazama ramani baadaye usiku, niliona jinsi sehemu hizo tatu, hoteli, mtaa wa Pagari na mnara, zilivyokaribiana.

Historia yenyewe, kwa ufupi. Estonia ilijitangazia uhuru mwaka 1918, taifa dogo sana, hata leo ni watu milioni 1.3 tu, pungufu mno ya wakazi wa Dar es Salaam. Mwezi Agosti 1939 Ujerumani ya Hitler na Umoja wa Kisovieti wa Stalin walitia saini mkataba wenye kipengele cha siri cha kugawana nchi za eneo hilo. Mwaka uliofuata Wasovieti waliingia. Mwaka 1941 wakaja Wajerumani na mauaji yao, Wayahudi waliokuwa wamebaki nchini wakauawa karibu wote. Mwaka 1944 Wasovieti wakarudi, wakakaa mpaka 1991.

Ndani ya miaka hiyo kuna tarehe mbili ambazo kila Mwestonia anazijua kama sisi tunavyozijua siku za misiba ya nyumbani. Tarehe 14 Juni 1941, usiku, watu wapatao 10,000 walitolewa vitandani na kupakiwa kwenye mabehewa ya mizigo. Stesheni wanaume walitengwa na wake zao na watoto; wanaume walipelekwa kambi za kazi ngumu, na wengi hawakurudi. Tarehe 25 Machi 1949 ilikuja zamu nyingine, zaidi ya watu 20,000, wengi wao wanawake, watoto na wazee, safari hii wakipelekwa Siberia. Orodha ziliandikwa mapema. Waliolengwa ni wakulima walioitwa matajiri na jamaa za watu waliokuwa porini wakipigana na Wasovieti.

Mtembezaji alinieleza jambo ambalo limebaki nami. Kabla ya Machi ile, serikali ilikuwa imehubiri mashamba ya pamoja kwa muda mrefu na wakulima walikuwa wamegoma kimyakimya. Mashamba yaliyojiunga hayakufika hata asilimia 10. Wiki chache baada ya mabehewa kuondoka, zaidi ya nusu yalikuwa yamejiunga. Watu waliiona nyumba ya jirani, mlango wazi, ng'ombe analia hajakamuliwa, wakaenda wenyewe ofisini kuandikisha ardhi yao.

Niseme kitu hapa kama mtoto wa kijiji cha ujamaa. Kijiji nilichozaliwa kilipangwa kwa mistari wakati wa Operesheni Vijiji, miaka ya 1970. Bibi yangu alihamishwa kutoka bondeni mwendo wa saa mbili kwa miguu, na mpaka anafariki alikuwa akisema "nyumbani" akimaanisha mwembe uliobaki kule. Zipo sehemu za nchi yetu ambako nyumba zilitiwa moto ili watu wasirudi. Hayo yalitokea, na wazee wetu wanastahili tuyasimulie bila kung'ata maneno. Lakini bibi alihamishiwa mahali penye shule na bomba, akazikwa katikati ya watoto wake. Mama wa Kiestonia aliyepandishwa behewa na vichanga wawili hakujua anakwenda wapi, na wapo waliozika vichanga njiani. Msiba wa mtu haupimwi kwa kibaba cha mwingine. Nimeyataja yote mawili kwa sababu msomaji wa Kiswahili atayafikiria hata nisipoyataja.

Mchana tulikwenda ufukweni, kwenye jengo linaloitwa Linnahall. Ukiliona kwa mbali hudhani ni jengo, ni kama kilima cha zege kilichokatwa ngazi pana mpaka baharini. Wasanifu walilazimika kulilaza chini ili lisiuzibe mji mkongwe ukiutazama ukiwa baharini, na kwa kweli hapo walifanya kazi njema. Lilifunguliwa mwaka 1980 kwa jina la Jumba la Utamaduni na Michezo la V. I. Lenin, na lina ukumbi wenye viti zaidi ya 4,000. Sasa limefungwa miaka mingi. Majani yameota kwenye viungo vya mawe, kuta zimechorwa kwa rangi za kupuliza, vijana wamekaa juu ya paa wakitazama meli za Helsinki. Waliotazama filamu ya Tenet, ya mwaka 2020, wameliona: tukio la mwanzo lilipigwa hapa.

Lilijengwa kwa ajili ya Olimpiki. Moscow haina bahari, kwa hiyo mashindano ya mashua ya 1980 yalifanyika Tallinn. Nilipoambiwa hivyo nilishtuka, maana Olimpiki hiyo ni yetu pia. Marekani iliisusia kwa sababu Wasovieti waliivamia Afghanistan, ikamtuma Muhammad Ali kuzunguka Afrika kuwashawishi viongozi. Kenya ilisusa. Mwalimu Nyerere alikataa hata kumpokea Ali, na Tanzania ikaenda. Filbert Bayi akachukua fedha katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, Suleiman Nyambui akachukua fedha katika mita 5,000. Mpaka leo Tanzania haijapata medali nyingine ya Olimpiki.

Nilimweleza mtembezaji habari hizo. Alizisikiliza kwa makini, akauliza majina yatamkwe tena polepole. Kisha akasema kwao mwaka ule wanaukumbuka kwa vitu viwili. Duka lilikuwa na bidhaa ambazo hazikuwahi kuonekana, zikatoweka wageni walipoondoka. Na serikali ilijenga vitu ambavyo hadi leo wanavitumia, ukiwemo mnara wa televisheni wa mita 314. Mnara huohuo, Agosti 1991, wanajeshi wa Kisovieti walikuja kuuteka ili kuzima matangazo, na watu wachache waliojifungia juu wakakataa kushuka.

Paldiski, mji wa bandari ulio magharibi, tuliupitia tu. Ulikuwa mji uliofungwa, wa kufundishia mabaharia wa nyambizi za nyuklia, na mitambo miwili ya nyuklia ilikuwa imejengwa nchi kavu kwa mafunzo. Warusi wa mwisho waliondoka hapo mwaka 1995, miaka minne baada ya uhuru. Karibu yake kuna machimbo ya mawe ya chokaa ya Rummu, ambako wafungwa walichimba miaka yote hiyo. Pampu zilipozimwa, maji ya ardhini yalipanda yakayafunika machimbo na majengo yake. Siku za joto watu huja kuogelea juu ya kuta za jela. Mimi sikuogelea.

Ziara ya siku moja ya enzi ya Kisovieti haina kawaida ya kwenda Lasnamäe, na nadhani hilo ni kosa. Nilikwenda peke yangu kesho yake, kwa basi. Ni mtaa wa majengo marefu ya vipande vya zege, yaliyoanza kupandishwa mwishoni mwa miaka ya 1970, na unakaliwa na watu zaidi ya 100,000, wengi wao wazungumzaji wa Kirusi. Hawa ndio waliobaki, au watoto wa waliobaki. Kabla ya vita Waestonia walikuwa asilimia 88 ya watu wa nchi yao. Kufikia 1989 walikuwa wameshuka hadi asilimia 61 hivi, kwa sababu viwanda vipya vilikuwa vikiletewa wafanyakazi kutoka Urusi, Ukraine na Belarus. Kwa Mwestonia huo ulikuwa mpango wa kulimaliza taifa. Kwa binti wa miaka 19 aliyepandishwa treni akaambiwa kuna kazi na chumba, ilikuwa riziki.

Nilikutana na mmoja wa mabinti hao, sasa ni bibi, kwenye benchi nje ya duka. Kiingereza hana, Kirusi sina, lakini mjukuu wake alikuwapo. Alifanya kazi kiwandani miaka 24. Baada ya 1991 waliokuja wakati wa utawala wa Kisovieti hawakupewa uraia moja kwa moja. Walitakiwa kuuomba na kufaulu mtihani wa Kiestonia, lugha ngumu isiyo na undugu na Kirusi. Yeye hakuufaulu. Ana pasipoti ya rangi ya kijivu, ya mtu asiye raia wa nchi yoyote, na wako makumi ya maelfu wenye pasipoti kama yake. Nilimuuliza anajisikiaje. Mjukuu alitafsiri: "Anasema yeye hakumfukuza mtu nyumbani kwake. Alikuwa anashona."

Jeraha hilo lilipasuka Aprili 2007. Tangu 1947 kulikuwa na sanamu ya askari wa Kisovieti katikati ya jiji. Kwa wazungumzaji wa Kirusi alikuwa aliyemshinda Hitler. Kwa Waestonia wengi alikuwa aliyerudi 1944 na hakuondoka. Serikali ilipomhamisha, ghasia zilizuka kwa siku mbili, mtu mmoja akafa, na kwa wiki kadhaa tovuti za serikali, benki na magazeti zikashambuliwa mtandaoni. Sanamu sasa iko kwenye makaburi ya jeshi. Haikuvunjwa, na kila tarehe 9 Mei watu huiwekea maua. Naona huo ulikuwa uamuzi wa busara, ingawa ulifikiwa kwa gharama.

Nimeacha uwanja wa nyimbo mpaka sasa kwa sababu huko ndiko mtembezaji wetu alikotupeleka mwisho, jua la kiangazi likiwa bado juu saa tatu usiku. Waestonia wana tamasha la kwaya lililoanza mwaka 1869. Jukwaa lake, tao kubwa kama gamba la kome lililosimama, lilijengwa mwaka 1960, na waliolijenga ni utawala wa Kisovieti. Tamasha halikupigwa marufuku. Liliwekwa chini ya picha za viongozi na nyimbo za kusifu chama. Lakini mwaka 1944 mtunzi Gustav Ernesaks alikuwa amelitilia muziki shairi la zamani la Lydia Koidula kuhusu nchi ya kuzaliwa. Wimbo ule ulizuiwa kwa miaka, na mwaka 1960, chini ya tao jipya, umati ukauimba. Ukawa wimbo wa taifa bila kuandikwa popote.

Mwaka 1988 watu walianza kukusanyika hapa usiku kuimba. Septemba ya mwaka huo walifika watu wanaokadiriwa kuwa 300,000, katika taifa ambalo Waestonia wenyewe hawakuzidi milioni moja. Agosti 23 mwaka uliofuata, miaka 50 kamili tangu mkataba wa Hitler na Stalin, watu wapatao milioni mbili walishikana mikono kutoka Tallinn kupitia Riga mpaka Vilnius, zaidi ya kilomita 600. Mtembezaji alikuwamo. Alisimama kando ya barabara ya Riga kati ya baba yake na mtu asiyemjua. Anamkumbuka mtu yule kwa kiganja chake tu, kikavu, chenye sugu za kazi.

"Miaka yote walikuwa wanatusikiliza kwa siri," alisema. "Siku ile tuliwaambia waziwazi."

Si mbali na uwanja huo, Maarjamäe, ipo kumbukumbu ya waliouawa na utawala wa kikomunisti, iliyofunguliwa Agosti 23, 2018. Ni njia ndefu kati ya kuta mbili nyeusi, na kuta zimejaa majina, zaidi ya 22,000. Ukiimaliza unatokea kwenye bustani ya miti ya matufaha, na ukuta wa upande huo una nyuki wa chuma wanaorudi mzingani, kwa sababu ya shairi la Juhan Liiv kuhusu nyuki wanaorukia nyumbani ingawa wengi huangukia njiani. Ng'ambo ya pili ya kilima bado imesimama nguzo ya mawe ya Wasovieti ya mwaka 1960. Hawakuing'oa. Nyuma ya jumba la makumbusho ya historia lililo hapo jirani, Lenin na Stalin wa shaba wamepangwa uani kwenye majani, watoto wanapiga nao picha.

Niliporudi nilimpigia mjomba simu. Nilimsimulia hoteli, kisahani, madirisha yaliyozibwa. Alikaa kimya mpaka nikadhani laini imekatika. "Mjomba," akaniambia, maana ndivyo tunavyoitana wote wawili, "bwenini kwetu nako kulikuwa na mtu aliyekuwa akiandika. Tulimjua. Yule profesa wa supu, siku moja hakuja darasani, na sisi hatukuuliza." Miaka yote ya hadithi za metro na theluji, hilo hakuwahi kulisema. Nikamuuliza kwa nini. Akasema hakuna aliyewahi kumuuliza.

Ghorofa ya 23 ya Hoteli Viru huingii peke yako, unatembezwa na mwongozaji, na nafasi ni vyema iwekwe mapema. Ukipata nafasi ya kwenda, nenda, na siku ya pili panda basi uende Lasnamäe. Lakini kabla ya hapo, kama kwenye ukoo wenu yuko mzee aliyesoma Moscow, Leningrad, Kiev au Tashkent, mkalie kitako wiki hii, weka simu irekodi yeye akijua, umuulize kila kitu. Waliokwenda miaka ya 1960 sasa wana miaka karibu 80 au zaidi.